Maghorofa ya Fahari ya Nairobi: Nani Anunuaye?

Jumba la Mikutano la Kenyatta lilipokamilika mwaka 1973, likiwa na kimo cha meta 105, lilikuwa ndilo alama ya jiji la Nairobi, na hapakuwa na mgeni aliyehitaji kuonyeshwa lilipo. Leo mgeni huyo hana budi kulitafuta. Upande wa Upper Hill, mahali palipokuwa na nyumba za maofisa wa reli zenye bustani na miti mikubwa, umesimama mnara wa Britam wenye kimo cha meta 200, uliomalizika mwaka 2017. Upande wa Westlands imeinuka minara ya kampuni ya Kichina ya AVIC, yenye ofisi, hoteli na makazi pamoja. Na huko Kilimani na Kileleshwa, ambako zamani familia moja ilikaa katika nyumba moja ndani ya uwanja wa nusu eka, uwanja uleule sasa unabeba familia mia moja na zaidi, zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Msikilizaji wa Tanzania atauliza, na ana haki ya kuuliza: maghorofa haya yanajengwa kwa ajili ya nani? Maana watu wa Nairobi ni wengi kweli. Hesabu ya mwaka 1969 iliwakuta 509,286. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta 4,397,073. Kwa miaka hamsini wameongezeka zaidi ya mara nane. Kwa hesabu ya haraka mtu angesema kwamba mahali penye watu wengi hivyo, nyumba yoyote itapata mtu. Lakini kuhitaji nyumba ni jambo moja, na kuwa na fedha za kuinunua ni jambo jingine kabisa. Soko halimsikii mwenye haja. Humsikia mwenye fedha mkononi.

Tuchukue mfano wa fleti ya bei ya shilingi za Kenya milioni 10. Katika mitaa iliyotajwa, bei hiyo haimshangazi mtu. Zipo fleti za chumba kimoja zinazouzwa kwa chini ya hapo, na zipo za vyumba vitatu zinazouzwa kwa karibu mara mbili yake. Mwaka 2023 riba ya wastani ya mikopo ya nyumba nchini Kenya ilivuka asilimia 14. Mtu aliyekopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 14 ili alipe kwa miaka 20, angetakiwa kupeleka benki kama shilingi 124,000 kila mwezi, na mwisho wa miaka hiyo angekuwa amelipa karibu milioni 30. Amenunua nyumba moja, amelipa bei ya nyumba tatu. Mwalimu hawezi. Muuguzi hawezi. Hata mhandisi kijana mwenye cheo kizuri atafikiri mara mbili. Ndiyo sababu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, mikopo yote ya nyumba iliyokuwa katika mabenki mwaka 2023 ilikuwa takriban 30,000 tu.

Sasa igeuzwe hesabu hiyo upande wa pili. Fleti ileile ya milioni 10 ikipangishwa, kwa kawaida huleta kodi ya pango ya asilimia tano au sita ya bei yake kwa mwaka, yaani kama shilingi 45,000 kwa mwezi, na hapo bado hazijatolewa gharama za lifti, walinzi, jenereta, kisima na usafi. Kwa hiyo mpangaji analipa 45,000 kukaa katika nyumba ambayo mkopaji angelipa 124,000 kuimiliki. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayekopa kwa namna hiyo ili apangishe. Ni dhahiri basi kwamba bei ya maghorofa ya fahari haipimwi kwa mshahara wa mfanyakazi wa Nairobi, wala haipimwi kwa pango. Inapimwa kwa fedha zitokazo mahali pengine.

Mahali pa kwanza ni ughaibuni. Wakenya waishio nje, hasa Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba, walituma nyumbani dola za Marekani bilioni 4.19 mwaka 2023, na karibu bilioni 4.9 mwaka 2024. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni karo, matibabu na chakula cha wazee. Lakini kipo kiasi kinachotafuta ukuta wa kuegemea. Muuguzi aliyeko Dallas hana nafasi ya kusimamia ng'ombe wala duka, ila fleti anaweza kumwachia wakala. Na kwake yeye shilingi ikianguka ni neema. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 123 hivi. Januari 2024 ilifikia kama 160. Fleti ya shilingi milioni 12, ambayo mwanzo ingemgharimu dola 97,500, ikawa dola 75,000. Wauzaji nao si wajinga. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuandika bei zao kwa dola, na hapo aliyeumia ni mnunuzi wa ndani alipwaye kwa shilingi, ambaye fleti ya dola 100,000 ilimpanda kutoka milioni 12.3 hadi milioni 16 bila hata tofali moja kuongezwa.

Mahali pa pili ni wageni wenyewe. Nairobi ndiyo makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na lile la Makazi, na makampuni mengi ya nje yameweka hapo ofisi zao za Afrika Mashariki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja. Humpa hati ya kukodi isiyozidi miaka 99. Kwa nyumba ya ghorofani sharti hilo halimsumbui sana mtu, kwa sababu hakuna anunuaye ghorofa ya kumi na tano ili alime.

Mahali pa tatu hapasemwi kwa sauti. Mwezi Februari 2024 chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kiliiingiza Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Tanzania nayo iliingizwa humo Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025, hivyo hakuna jirani wa kumcheka mwenzake. Biashara ya majumba ni njia inayojulikana duniani kote ya kuficha asili ya fedha: mtu mwenye fedha za namna hiyo hajali kama fleti ina mpangaji au haina, na akiulizwa bei habishani sana. Si haki kumtuhumu kila mnunuzi, na wengi ni watu waliojinyima. Lakini mwenye nia njema hushindana sokoni na asiye na nia njema, na bei huwekwa na yule asiyebishana.

Namna ya kuuza nayo yafaa ielezwe. Mjenzi wa Nairobi mara nyingi huanza kuuza kabla hajamwaga zege. Huonyesha michoro na fleti moja ya mfano, huchukua malipo ya awali, kisha mnunuzi hulipa kwa awamu hadi siku ya kukabidhiwa funguo. Anayetangulia huuziwa kwa bei ya chini. Kadiri jengo linavyopanda, bei nayo hupanda. Ghorofa za juu, zenye upepo na mandhari, huuzwa ghali kuliko za chini zinazotazama ukuta wa jirani. Mpango huu una faida yake: mjenzi hakopi sana, na mnunuzi halipi riba. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa. Jengo likikwama, mnunuzi hubaki na karatasi. Huko Upper Hill upo mfano ambao kila mtu anaujua: mnara wa ghorofa 70 uliozinduliwa kwa shangwe mwaka 2017, uliotarajiwa kuwa mrefu kupita yote barani. Ulizuka ugomvi wa ardhi, ukafika mahakamani, na mnara haukuinuka.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 ilibadilisha utaratibu wa zamani, ambapo mwenye fleti alikuwa na mkataba wa kukodi kutoka kwa kampuni iliyosimamia jengo. Kwa sheria hiyo hupata hati ya fleti yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na uwanja. Msikilizaji wa Dar es Salaam atakumbuka kwamba Tanzania ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2008. Hati ni jambo jema, ila haileti maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, wakati mitaa ya maghorofa ilikuwa bado mitaa ya bustani. Mabomba na mifereji ya maji machafu iliyotandazwa kwa ajili ya nyumba moja haikuongezeka kwa kasi ya majengo, na magari ya kuuza maji huingia asubuhi katika majumba ambayo fleti yake moja ni mamilioni. Mwendo wa mguu kutoka hapo ni Kibera, ambako maji hununuliwa kwa dumu.

Lipo jambo moja lililowatikisa wajenzi kuliko malalamiko yote ya wakazi. Februari 2024 serikali ya Kenya, ikiwa na haja kubwa ya fedha, iliuza hati fungani za miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Mwenye milioni 10 aliweza kuipatia serikali mkopo na kupokea zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka akiwa amekaa kitako, badala ya kuhangaika na mpangaji na lifti kwa laki tano na nusu. Wengi walichagua hati fungani. Wajenzi wakarefusha muda wa awamu, wakatia samani ndani ya fleti bila malipo, na wengine wakageukia vyumba vidogo vya kupangisha wageni kwa siku, kwa sababu mtu aliyeshindwa milioni 12 huenda akaweza milioni 5. Bei zilizoandikwa hazikushuka sana. Kilichoshuka ni kile ambacho muuzaji alikubali baada ya mlango kufungwa.

Tangu Agosti 2024 Benki Kuu ya Kenya ilianza kupunguza riba yake, kutoka asilimia 13 hadi 9.5 ilipofika Agosti 2025, na shilingi ilikuwa imekwisha kurudi karibu na 130 kwa dola. Riba ya hati fungani nayo ikashuka, na wenye fedha wakaanza tena kuuliza bei za fleti. Kwa mkopaji wa kawaida nafuu imekuwa ndogo, kwa kuwa mabenki hupandisha riba kwa siku moja na kuishusha kwa miezi. Fleti ileile ya milioni 10, hata kwa riba ya asilimia 12, bado ingemtaka alipe shilingi 110,000 kila mwezi kwa miaka 20.