Mashimo ya Zamani Yaingizwe Katika Ramani za Vijiji

Ndugu Mwenyekiti, ndugu viongozi wa vijiji vya Handeni na Korogwe,

Nimeombwa nizungumzie mipango ya matumizi ya ardhi. Naomba ruhusa nianze na ardhi tusiyoiona.

Mtu wa Tanga akitajiwa mapango huikumbuka Amboni, ambako maji yaliyeyusha mawe ya chokaa kwa muda usiohesabika. Mapango ninayoyasema leo yalichimbwa kwa sululu na mtaimbo, kutafuta dhahabu huko Magambazi na vito huko Kalalani. Mdomo wa duara huwa mdogo, lakini chini mchimbaji huufuata mshipa wa madini kokote uendako, na mshipa hauheshimu mpaka wa shamba. Madini yakikoma, watu huhama. Magogo yaliyoegemeza paa huoza, masika huulowesha udongo, paa hudondoka kidogo kidogo na uwazi hupanda juu mwaka hata mwaka, mpaka siku moja ardhi inatitia. Pengine siku hiyo pamekwisha kujengwa darasa.

Taifa limekwisha kuonja msiba wa mashimo. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Januari 2024, wilayani Bariadi, kifusi kiliua watu 22. Hao angalau walijua kwamba wamo shimoni. Mama anayepalilia mahindi juu ya handaki lililosahauliwa hajui.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimekipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoupitisha mpango. Lakini ramani zetu huonyesha malisho, makazi, mashamba na msitu tu. Hata ramani ya leseni ya mchimbaji mdogo huonyesha mipaka ya juu. Handaki limeelekea wapi, haisemi.

Kazi hii yaanza kwa miguu. Waiteni wazee waliochimba, tembeeni nao, kila duara liandikiwe mahali lilipo, kina chake na upande lilikoelekea. Ndipo waitwe wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini wapitishe umeme ardhini: uwazi wenye hewa huuzuia, uliojaa maji huupitisha kwa wepesi. Wapo wanaotaka tuanze na mitambo. Mimi sikubaliani nao, kwani handaki jembamba lililo mbali chini huweza kuuponyoka mtambo wowote, ilhali aliyelichimba analikumbuka.

Tatizo liko kwa watu. Aliyechimba bila leseni anaogopa kuonyesha shimo lake, na mwenye kiwanja anaogopa bei yake itashuka. Kwa hiyo Halmashauri ya Kijiji itamke hadharani kwamba anayeonyesha shimo hatashtakiwa kwa kulionyesha, na aliyejenga juu yake apewe kiwanja kingine kabla hajaambiwa ahame. Bila ahadi hiyo tutapata ramani safi isiyo na shimo hata moja.

Ndugu Mwenyekiti, masika huanza mwezi Machi. Naomba orodha ya kwanza ya maduara isomwe katika mikutano ya vijiji kabla ya hapo, ikianzia na yale yaliyo karibu na shule na visima.