Gari la Kikundi: Plastiki za Ndani

Leo sitaongea juu ya injini. Nataka tuongee juu ya dashibodi na plastiki zingine za ndani ya gari la kikundi. Gari hilo ni michango yenu, na siku ya kuliuza, mnunuzi ataangalia ndani pia.

Adui mkubwa ni jua. Hupausha plastiki, ikakauka na kupasuka. Basi egesheni kivulini. Kivuli kikikosekana, funikeni dashibodi kwa kitambaa.

Kuosha si kazi ngumu. Toa vumbi kwanza polepole kwa kitambaa laini chenye unyevu, maana mchanga hukwaruza. Halafu maji ya vuguvugu na sabuni kidogo tu. Kamua kitambaa vizuri, maji yasiingie kwenye redio na swichi. Pangusa tena kwa maji safi, ukaushe. Petroli hapana! Huharibu plastiki, na mvuke wake unaweza kushika moto.

Sasa hili ndilo lililonileta. Madereva wetu wanapenda dashibodi ing'are kama kioo, wanaipaka mafuta. Jua likiwa mbele, ule mng'aro hupiga kwenye kioo cha mbele, na dereva asione mtoto anayevuka barabara. Mkitaka dawa ya kukinga jua, nunueni isiyong'aa, mpake kidogo, mpanguse iliyozidi. Usukani na pedeli zisipakwe kabisa, zitateleza.

Na kijana anayeosha gari aambiwe leo, si Jumamosi akishapaka.