Mlango wa Maktaba Umefunguliwa, Tujue Kutafuta

(Hotuba kwa wakazi, Chepkoilel)



Chepkoilel ilianza mwaka wa 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Leo ni Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopewa hati yake mwaka wa 2013. Mkulima na mwanafunzi ni majirani wa siku nyingi hapa, na elimu ya maktaba inawahusu wote wawili.

Majarida ya utafiti ni ghali. Ndiyo maana mwaka wa 2003 maktaba za Kenya ziliunda muungano wa KLISC, zikachanga pesa ili zijadiliane bei na wachapishaji kwa sauti moja. Mwaka huo huo, shirika la FAO na wachapishaji walizindua AGORA, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo.

Mlango umefunguliwa, lakini kuingia si kupata. Kumbukeni viwavijeshi walioshambulia mahindi mwaka wa 2017. Mwanafunzi akitafuta "viwavijeshi" tu kwa Kiingereza, ataletewa pia makala kuhusu wale wa Kiafrika waliozoeleka, wanaotembea kwa makundi wakila nyasi na nafaka. Waliokuja 2017 asili yao ni bara la Amerika. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa ikichelewa haiwafikii. Akitumia jina la kisayansi, Spodoptera frugiperda, atapata anachokitaka. Akikosea, hasara ni ya mkulima.

Ujuzi huu hufundishwa: kuchagua neno la kutafutia, kujua nani aliandika, lini, utafiti ulifanyiwa wapi, na nani aliulipia. Mchapishaji anaweza kuja kuonyesha jinsi ya kutumia hifadhi yake, na hilo ni jema. Lakini msitarajie amwambie mwanafunzi kwamba jarida la mshindani wake ni bora. Kazi hiyo ni ya mkutubi, akishirikiana na mhadhiri darasani. Ushirikiano utafaa mradi mkutubi ndiye ameshika usukani.

Mzazi, mwanao akifunga chuo, muulize alivyofundishwa kutafuta. Nawe mkulima, ukitumiwa ushauri kwa simu, uliza maswali yale yale kabla ya kununua dawa.