Stara Si Kuficha: Maneno ya Chumbani katika Riwaya

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Tunguu, Unguja, mbele ya vijana wanaojifunza kuandika hadithi.)



Mwandishi yeyote wa riwaya hufika, mapema au kwa kuchelewa, kwenye mlango wa chumba cha kulala. Wahusika wake wamekwisha pendana, au mmoja amekwisha mlaghai mwenziwe, na hadithi haiwezi kusonga mbele mpaka msomaji ajue lililotokea humo ndani. Hapo kalamu husita. Wako wanaourudisha mlango taratibu na kuanza sura mpya. Wako wanaoupiga teke na kuingia na tochi. Na wako, nao ndio wengi, wanaozima taa. Taa zilizozimwa katika hadithi za Kiswahili ni nyingi kuliko zilizopata kuwashwa.

Lawama ya kusita huko hutupiwa lugha. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kwamba yaliyopo ama ni matusi, ama ni ya daktari. Dai hilo halina msingi. Kujamiiana ni neno la vitabu vya afya na la sheria. Kuingilia ni la mwendesha mashtaka, na kabla yake lilikuwa la mwalimu wa fiqhi. Unyumba ni neno la mke na mume, na husikika zaidi siku mmoja anapomnyima mwenziwe na shauri likafikishwa kwa wazee. Tendo la ndoa limependwa mno na magazeti, ambayo hulitumia kwa upole hata pale ambapo ndoa yenyewe haikuwapo. Kufanya mapenzi limeletwa na tafsiri na sinema. Vijana wamelizoea, lakini masikio ya wazee bado yanalisikia kama mgeni, kwani kwao mapenzi ni jambo la kuwa nalo, si kazi ya kufanya. Bado hayajatajwa kulala, kukutana wala kujuana. Maneno yapo tele, na kila moja lina nyumba yake. Anayelichukua neno hospitalini na kulipeleka chumbani hulipeleka pamoja na harufu ya dawa.

Yafaa ikumbukwe kuwa kisiwa hiki kilikuwa na chuo cha lugha hii zamani kabla ya riwaya ya kwanza kuandikwa. Bibi harusi alikuwa na somo wake, na katika siku saba za fungate yule kungwi hakuwa mbali na mlango. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab. Lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kama mwalimu wa unyago, mwenye ngoma yake na wari wake. Lugha ya unyago haikuona haya kwa sababu ilikuwa na mlango. Waliokuwamo walijua wamo, na waliokuwa nje hawakusikia. Riwaya haina mlango wa namna hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili huisoma, na babu yake huisoma baada yake, pengine katika nyumba moja. Kwa hiyo mwandishi hawezi kuyahamisha maneno ya kungwi yakaingia kitabuni jinsi yalivyo. Linaloweza kuhama ni desturi yake ya kusema kwa kutumia vitu: shanga, kikuba cha asumini, chetezo, kanga iliyotundikwa mlangoni.

Lakini hapa pana hatari nyingine. Udi ukifukizwa katika kila hadithi, haunukii tena. Asumini iliyomwagwa kitandani haisemi kitu ikiwa imemwagwa tu kwa sababu waandishi wengine waliimwaga. Kitu hufanya kazi pale kinapokuwa cha mtu huyu na si cha mwingine: shanga za mke ambaye mumewe yuko safarini, lakini usiku huu zinasikika. Hapo hakuna kiungo cha mwili kilichotajwa, na msomaji amekwisha jua kila kitu, pamoja na khatari yake.

Wako wanaodhani kwamba usalama wa mwandishi umo katika kunyamaza. Nawakumbuke kisa cha Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Kitabu hicho kilizuiwa kwanza kusomeshwa mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Baadaye kikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa na wanafunzi wale wale waliokingwa nacho. Na kinasimulia nini? Binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali mno, baba akimpiga kwa ajili ya barua ya mvulana, na hakuna aliyekaa naye akamweleza dunia. Alipotoka nyumbani akaanguka, na mwisho wake ukawa kujiua. Yaani kitabu kilichokuwa kikilia kwa sababu ya ukimya kilijibiwa kwa kunyamazishwa.

Waandishi wa Visiwani nao wamepita njia hii. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake hutoka na kutumbukia katika ulevi na ukahaba. Kinachomshika msomaji ni jinsi binti yule anavyochakaa. Hesabu ya wanaume waliompitia haina kazi hapo. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, Yasmin ameozwa kwa mtu aliyemzidi sana umri, kisha anampenda Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni. Mapenzi yao hayana usiku mmoja wa utulivu, kwa kuwa wakati wowote mlango waweza kugongwa. Mwandishi anayetafuta joto la chumba na asahau hofu iliyo nje ya chumba amepoteza nusu ya hadithi. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, suala la wapi jicho lisimame na wapi ligeuke lilimkabili na yeye, tena bila msaada wa mafumbo.

Hadi hapa yamesemwa mapenzi ya hiari. Jambo zito zaidi ni pale pasipo na hiari, na hapo ndipo maneno ya stara yanapogeuka kuwa mahali pa mhalifu pa kujificha.

Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, aliimba wimbo wa Kijiti. Ni kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni, mja mzito, kisha akavuka bahari na kutoroka. Hukumu ikawaangukia wanawake waliofika mahakamani kueleza walilolijua. Mji mzima uliuimba. Siti hakuhitaji tusi hata moja, wala hakumfichia mtu jina lake. Mtenda alikuwamo katika wimbo, tena mwanzoni mwake. Stara aliyoitumia ilimsitiri marehemu, na ikamwacha Kijiti wazi.

Sasa ulinganishe na neno linalotawala hivi leo Unguja na Pemba: udhalilishaji. Ni neno zuri kwa asili yake, kwani linamrudishia aliyedhulumiwa heshima yake kwa kusema kwamba ilivunjwa. Lakini limebebeshwa mizigo mingi mno. Kumshika mtu maungo njiani ni udhalilishaji. Kumbaka mtoto wa miaka 8 nako ni udhalilishaji. Msomaji aliyelisikia mara mia halimshitui tena, na mshitakiwa analipenda kwa sababu hiyo. Hata Bara, sheria ya mwaka 1998 iliyokuja kukaza adhabu iliitwa ya Makosa ya Kujamiiana, na mtu aweza kuuliza ni kujamiiana gani kusikokuwa na wawili walioridhiana. Mtunga sheria ana sababu zake. Mtunga riwaya hana.

Mwandishi chipukizi na achukue sentensi moja tu anayoiandika bila kufikiri: msichana alipata mimba. Alipata, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Wengine huandika aliharibikiwa, na uharibifu ukawa wake peke yake. Wengine alipewa mimba, na tayari kuna mpaji, lakini hana sura. Andika: mwalimu wake alimtia mimba. Hakuna neno chafu katika sentensi hiyo. Babu aweza kuisoma mbele ya mjukuu. Lakini sasa yumo mwalimu, ana kazi, ana jina ambalo msomaji atalidai katika ukurasa unaofuata, na mwandishi hana budi kulitoa.