Mwajiri, isome sheria upya

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali zinapoonekana wazi. Lakini kubandika mara moja na kusahau hakutoshi, kwa sababu sheria hubadilika. Marekebisho ya 2025 yamemwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti, na baba wa mtoto huyo anapata siku 7 badala ya 3. Kwenye mashamba ya maua ya Usa River, ambako wanawake ni wengi, na kwenye hoteli za jijini Arusha, mabadiliko haya yanagusa familia nyingi. Mwajiri asisubiri kuitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndipo ajifunze. Mama anayeuguza kichanga hapaswi kubembeleza haki yake.