TAA WAWILI WA BAHARI YETU

Wanafunzi wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, karibuni darasani.

Andikeni neno hili: TAA. Taa hii hutupa mwanga. Lakini taa huyu ni samaki wa baharini, bapa kama chapati, mwenye mkia mrefu. Pwani iko mbali nasi, lakini habari yake mfugaji ataielewa upesi.

Leo tutalinganisha taa wa namna mbili. Wa kwanza ni taa wa madoa ya buluu. Upana wake huzidi kidogo tu rula ya darasani. Hukaa kwenye miamba ya matumbawe, na mkiani ana mwiba wenye sumu. Huweza kuzaa watoto hadi 7 kwa mara moja.

Wa pili huitwa manta. Huyu ni mkubwa mno: upana wake huweza kufika mita 7. Hana mwiba wa kuchoma mtu, na chakula chake ni vidudu vidogo sana vya majini. Hubeba mimba mwaka mzima hivi, akazaa mtoto mmoja tu. Kisha huweza kupita miaka kadhaa asizae tena.

Sasa fikirini. Mwenye kuku akichinja mmoja, banda litajaa tena upesi. Mwenye ng'ombe akichinja mitamba yake kila wiki, zizi litabaki samadi tupu. Basi, manta ni kama ng'ombe.

Mvuvi hutega jarife apate jodari wa kulisha watoto wake, na manta hunaswa humo. Tena matamvua yake makavu hununuliwa Asia kwa dawa. Ndiyo sababu Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Asili ulimwandika manta mwaka 2020 kuwa yumo hatarini kutoweka. Mwaka 2013, mataifa yalipokutana Bangkok, yalikubaliana kuidhibiti biashara yake.

Taa mdogo hajafikia hatari hiyo. Lakini baruti ikivunja matumbawe, naye hukosa makao.

Kumbukeni: ukubwa wa mnyama si wingi wake. Kabla ya kuvuna, tuulize huzaa mara ngapi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini manta ni kama ng'ombe?
2. Baruti humdhuru vipi taa mdogo?
3. Kijijini kwenu, ni mnyama au mti gani unaochelewa kuongezeka? Mnautunzaje?

Kwaherini, hadi somo lijalo.