Medani ya Kyiv, miaka kumi na zaidi baadaye

Katika Kiswahili tunalo neno medani. Tunasema medani ya vita, medani ya siasa, hata medani ya soka. Neno hilo lilitufikia sisi kutoka kwa Waarabu na Waajemi. Wenzetu wa Ukraine walilipata kwa njia ya Waturuki, nao hulitamka maidan, maana yake uwanja. Katika mji wao mkuu, Kyiv, upo uwanja uitwao Maidan Nezalezhnosti, yaani Uwanja wa Uhuru. Leo nataka tuwazungumzie wale waliosimama hapo katika baridi na theluji wakaiangusha serikali mwaka 2014. Walipata nini?

Kwanza nikiri jambo moja. Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu alikuwapo daktari aliyesomea Kiev, kama tulivyouita mji huo wakati ule. Sote tulisema kasomea Urusi, na yeye mwenyewe akisema hivyohivyo. Kwetu sisi kila aliyetoka upande ule alikuwa Mrusi, basi. Hata hilo jina Kiev ni matamshi ya Kirusi; wenye mji husema Kyiv. Kosa letu lilikuwa dogo, la watu wa mbali. Lakini ukiwauliza Waukraine wengi nini kilichobadilika tangu siku za uwanjani, hawaanzi na mishahara wala barabara. Wanaanza na hilo: kwamba wao si tawi la watu wengine.

Ghasia zenyewe zilianza kwa jambo la makaratasi. Tarehe 21 Novemba 2013 serikali ya Rais Viktor Yanukovych ilitangaza kusimamisha maandalizi ya kutia saini mkataba wa ushirikiano na Umoja wa Ulaya. Usiku ule vijana wakakusanyika uwanjani. Pengine wangechoka wakarudi makwao, kama polisi wasingewashukia kwa virungu alfajiri ya tarehe 30. Hapo wakatoka wazazi. Yakajengwa mahema na vizuizi, wakapika supu kwa masufuria makubwa, na mwanamuziki Ruslana akawa anawaimbisha wimbo wa taifa usiku kucha ili wasilale wakaganda. Februari 2014 zikalia risasi. Waliokufa katika miezi ile ni watu wapatao mia moja, nao wanaitwa Mia ya Mbinguni. Yanukovych akakimbia, akaishia Urusi.

Asubuhi yake watu wakaingia katika jumba lake la Mezhyhirya, nje ya mji. Wakakuta bustani ya wanyama yenye mbuni, na mkate uliotengenezwa kwa dhahabu. Mimi kama mwandishi wa habari nilivutiwa zaidi na jambo jingine. Walinzi, kabla ya kutoroka, walikuwa wametupa majalada majini. Wapiga mbizi wakayaopoa, na waandishi wakakaa siku kadhaa wakianika karatasi moja moja, kisha wakazitangaza kwa umma. Nadhani hakuna hotuba iliyoeleza maana ya siku zile kuliko karatasi zile zilizoanikwa kama nguo.

Waukraine wenyewe huyaita mapinduzi yale kwa neno hidnist. Wengi hulifasiri kuwa heshima. Mimi ningelifasiri kuwa utu.

Sasa basi, je, utu ulilipa? Hapa majibu ya watu wale hayafanani. Mwezi mmoja tu baada ya ushindi Urusi ikalinyakua jimbo la Crimea, na vita vikaanza mashariki, Donbas. Fedha yao ikaporomoka. Familia za Mia ya Mbinguni zikasubiri mahakama hadi zikachoka: hukumu kubwa dhidi ya askari kadhaa wa kikosi maalumu ilitolewa Oktoba 2023, na baadhi yao walikuwa wameshakabidhiwa upande wa pili mwaka 2019 katika kubadilishana wafungwa. Kwa hiyo usishangae ukimkuta mama wa Kyiv anayesema kwamba mwanawe alikufa wengine wakapata vyeo.

Turudi kwenye utamaduni, na hapa naomba mniruhusu niseme kama mtu wa redio. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria kwamba katika nyimbo zinazopigwa redioni, robo ziwe za Kiukraine, kisha kiwango kipande hadi asilimia 35 katika mwaka wa tatu. Wenye vituo wakalalamika: nyimbo nzuri hazipo, wasikilizaji watatukimbia. Kelele hizo tunazijua sote tuliokaa studio. Lakini miaka michache haikupita, vituo vikawa vinapita kiwango vyenyewe. Wanamuziki walipojua kuwa mlango uko wazi, walirekodi.

Hata hivyo lugha ni jambo la moyoni, na sheria ikigusa moyo huwasha. Tangu Januari 2021 muuza duka anatakiwa kumsemesha mteja kwanza kwa Kiukraine. Mamilioni ya raia wema wamelelewa kwa Kirusi. Bibi aliyelala, akaota na kulia kwa Kirusi miaka sabini si msaliti. Rais Petro Poroshenko aligombea tena mwaka 2019 kwa wito wa jeshi, lugha na imani, akashindwa vibaya. Aliyeshinda, kwa asilimia 73 ya kura, ni mchekeshaji Volodymyr Zelensky, mzaliwa wa mji wa wasema Kirusi, Kryvyi Rih. Umaarufu wake ulitokana na mchezo wa televisheni, ambao sehemu kubwa yake ilikuwa kwa Kirusi, alimoigiza mwalimu anayekuwa rais. Nilivyoelewa mimi, wananchi walikuwa wanasema: lugha tunaitaka, lakini msiitumie kufunika wizi.

Kisha ikaja tarehe 24 Februari 2022. Moscow ilidai inawaokoa wasema Kirusi, na makombora yakaangukia Kharkiv na Mariupol, miji ya wasema Kirusi. Kile ambacho sheria haikukiweza, makombora yalikiweza. Watu waliokuwa wakizungumza Kirusi mezani wakaanza kujikongoja na Kiukraine, kwa makosa mengi, na watoto wao wakiwasahihisha.

Nataka niwataje waandishi wawili. Volodymyr Vakulenko, aliyeandikia watoto, aliishi katika kijiji kimoja karibu na Izium. Wanajeshi wa Urusi walipokikalia, aliandika shajara, na kabla ya kukamatwa akaifukia chini ya mcheri katika bustani ya nyumbani. Akauawa. Septemba 2022, baada ya eneo lile kukombolewa, mwandishi mwenzake Victoria Amelina alikwenda akachimba akaipata, nayo ikachapishwa. Amelina naye alijeruhiwa kwa kombora lililopiga mgahawa mjini Kramatorsk, akafariki tarehe 1 Julai 2023. Ukimwambia Muukraine kwamba utamaduni ni ngoma na mavazi ya kuwaonyesha wageni, atakutazama tu.

Wengine watasema vita vimefuta siasa za uwanjani. La hasha. Tarehe 22 Julai 2025 bunge la Kyiv lilipitisha sheria ya kuziweka taasisi mbili za kupambana na rushwa, zilizozaliwa na mapinduzi yale, chini ya mwanasheria mkuu wa serikali. Zelensky akatia saini siku hiyohiyo. Jioni vijana wakafurika karibu na ofisi ya rais, wakati nchi iko vitani na adui akisubiri kucheka. Wengi wao mwaka 2013 walikuwa shule ya msingi. Wengine walikuwa na ndugu zao mstari wa mbele. Kwa siku tisa walirudi tena na tena, na tarehe 31 Julai bunge likarudisha uhuru wa taasisi zile.

Mabango yao hayakuwa ya kiwandani. Yalikuwa vipande vya maboksi vilivyoandikwa kwa kalamu nene, kwa Kiukraine, na baadhi yalibeba maneno ya vitabu vya fasihi wanavyosomeshwa shuleni.